Amony, Aliyejaza Mapengo

Watu wa Kawempe, mtaa wa Kampala ilipo karakana yetu, wakimtaja Amony husema, "yule dada wa kompyuta," kana kwamba kompyuta ni kabila lake. Nilifanya naye kazi miaka saba kwenye meza moja, mimi na chuma changu cha kuchomelea, yeye na skrini yake, kwa hiyo naomba mniruhusu nimweleze vizuri zaidi ya hapo. Naitwa Wamalwa. Nilitoka Bungoma mwaka 1991 na sanduku moja, nikaja Kampala kutengeneza redio, na watu walipoanza kuzitupa redio badala ya kuzitengeneza nikaingia kwenye karakana ya Mkenya mwenzangu, Wandera wa Busia. Hasira zangu ziko karibu, na hadithi za kuzunguka mbuyu sizipendi. Basi nasema mapema: katika habari hii mtoto mchanga alikufa, muuguzi asiye na kosa akakaribia kupoteza kazi na jina lake kwa ajili ya kifo hicho, na mtu wa kwanza kujua ukweli alikuwa Amony.

Alizaliwa mwaka 1985 upande wa Gulu. Baba yake, Otema, alikuwa konstebo wa polisi, na vita vilipokwisha huku mjini na kuanza kule kwao, alihamishiwa Nsambya, hapa Kampala, pamoja na mke na watoto. Amony alikulia kwenye nyumba za polisi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, majirani wakiwa Walango, Wateso, Wakakwa na kila mtu aliyewahi kuvaa sare. Kiswahili alichokipata huko ni kile cha kambini, kifupi, kisicho na adabu nyingi wala uongo mwingi. Baba yake alimletea simu za upepo zilizokufa achezee, na binti akawa anazifufua. Wakubwa wa Otema walipogundua, hawakumkemea. Walianza kumletea zao.

Alikuja kwetu mwaka 2009 na shahada yake ya umeme ndani ya bahasha ya plastiki. Mwembamba, mkimya, viatu vya kiume. Wandera alimtazama, akanitazama mimi, akauliza kama huyu ataweza kubeba transfoma. Amony akasema, "Bosi, transfoma anabeba mzee Wamalwa. Mimi nabeba ile ya ndani." Nilicheka mpaka nikajichoma kidole.

"Ile ya ndani" ni programu. Karakana yetu ilikuwa imepata kazi ya maana: kutengeneza bodi za umeme za kuongoza vitanda vya joto vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Vitanda vyenyewe vililetwa na wafadhili kutoka ng'ambo, lakini stima ya Kampala ilikuwa inaunguza bodi zake mwaka hadi mwaka, na kuagiza nyingine kulichukua miezi. Sisi tukatengeneza zetu. Bodi ilisoma joto la mwili wa mtoto, ikaionyesha namba kwenye skrini ndogo, ikawasha au kuzima hita ili mtoto abaki kwenye thelathini na sita na nusu. Kifaa cha pili cha kukata joto, kisichotegemea programu, tulisema tutakiweka kwenye toleo lijalo. Toleo lijalo!

Sasa nieleze jambo lenyewe, na nitalieleza kama Amony alivyonieleza mimi, mtu wa redio.

Programu haifumwi kama mkeka mmoja. Huandikwa vipande vipande: kipande cha kusoma joto, kipande cha skrini, kipande cha kengele. Halafu kuna chombo kingine ndani ya kompyuta, mafundi hukiita linka, ambacho kazi yake ni kuvipanga vipande hivyo na kuviunganisha viwe kitu kimoja cha kukaa ndani ya chipu, ule ubongo mdogo wa bodi. Kila nafasi ndani ya chipu ina anwani, na vipande vyetu vilipangwa hivi kwamba kila kimoja kianze kwenye anwani inayogawanyika kwa kumi na sita, maana hapo chipu huvisoma upesi zaidi. Kipande kikiishia anwani ya mia moja na moja, kinachofuata hakianzi mia moja na mbili. Husubiri mpaka mia moja kumi na mbili. Katikati panabaki pengo la nafasi kumi.

Ila ndani ya chipu hakuna kitu kinachoitwa patupu. Kila nafasi ina namba fulani, na chipu ikijikuta hapo itaisoma namba hiyo kama agizo na kulitii. Kwa hiyo linka huyajaza mapengo. Ukiiambia ijaze nini, itajaza hicho. Usipoiambia, itajaza kwa mazoea yake. Programu ikienda sawa hakuna anayeyakanyaga mapengo hayo, kwa sababu kila kipande kikimaliza kazi hurudi kilikotoka. Lakini stima ikiyumba, ikashuka na kupanda kwa nukta moja tu, chipu huweza kusahau ilikuwa inarudi wapi. Huruka ovyo. Na ikiruka ovyo, pengo ni mahali pamoja pa kuangukia.

Aliyeandika programu kabla ya Amony alikuwa Mjaluo mmoja, Ogutu, ambaye wakati huo alikwisha kurudi Kisumu. Ogutu aliiambia linka ijaze mapengo yote kwa agizo moja lenye alama CC. Maana yake: simama. Chipu ikikanyaga pengo, inakata hita, inapiga king'ora, na haitikisiki tena mpaka mtu aje aizime na kuiwasha. Hakuandika popote kwa nini alifanya hivyo. Fundi mzuri, lakini mchoyo wa maneno, na mimi huyo sijamsamehe.

Wauguzi walichoka. Mwaka 2011 stima ilikuwa inakatika kila siku, na kila jenereta ilipopokea zamu, kitanda kimoja au viwili vilisimama na kupiga kelele. Simu zilikuja karakana: mashine yenu imekufa. Tunakwenda, tunazima, tunawasha, inafanya kazi. Kesho tena. Wandera alikuwa anaona mkataba unamponyoka.

"Sikiza, madam," alimwambia Amony mbele yangu. "Hapa Kampala mashine ikisimama, hiyo ni mbovu. Hakuna mtu anauliza imesimama kwa nini. Ikiendelea, hata kama inachechemea, hiyo ni nzima. Nipe mashine haisimami."

Na hapo, wasomaji wangu, si Wandera peke yake aliyesema. Sote tulifikiri hivyo. Mimi redio zangu zote nilizirudisha kwa wenyewe zikiimba, hata zile nilizojua zitaimba wiki moja tu. Ndiyo kazi ya mtaa ilivyo: mteja hanunui ukweli, ananunua mlio.

Amony alifungua faili la maagizo ya linka akaiona ile CC ya Ogutu. Akaifuta, akaandika 90. Herufi mbili zikatoka, tarakimu mbili zikaingia. Agizo la 90 maana yake ni: usifanye kitu, endelea mbele. Sasa chipu ikianguka kwenye pengo inateleza nafasi kwa nafasi mpaka mwisho, inaingia kwenye kipande kinachofuata, inakifanya bila mpango, inachanganyikiwa, halafu saa ya ulinzi inaikamata. Saa ya ulinzi ni kifaa kidogo ndani ya chipu ambacho programu lazima ikiguse kila sekunde mbili. Isipoguswa, huiwasha bodi upya, ila CC ya Ogutu ilikuwa inaizima kwanza. Kwa hiyo bodi ilikuwa inapotea, inateleza, inawashwa upya, na hakuna muuguzi aliyejua.

Simu za malalamiko zikaisha. Wandera akanunua kuku wawili, tukala pale pale karakana, akamwita Amony "daktari". Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema, na binti huyu amezitia nyufa zetu zote udongo. Tulimpigia makofi. Hakuna aliyeuliza ni udongo wa namna gani.

Mtoto aliyekufa aliitwa Vera. Mama yake, Moreen, alikuwa Mkenya kama sisi, anauza mitumba ya mashuka, na mtoto alizaliwa na kilo moja na nusu katika hospitali ambayo sitaitaja. Ilikuwa Machi 2013. Wodi ilikuwa na watoto kumi na wanne na muuguzi mmoja, kwa sababu mwenzake alikuwa mgonjwa. Muuguzi huyo aliitwa Joska, Mwacholi kama Amony, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kumi na minane kati ya hiyo ameimaliza kwenye wodi hiyo hiyo. Saa nne asubuhi stima ilikatika, jenereta ikaingia. Saa sita Joska alipofika kwenye kitanda cha Vera kumlisha, mtoto alikuwa ameungua kwa joto na amekwisha kufa. Skrini ilikuwa inaonyesha thelathini na sita na nusu.

Kwenye bodi zetu kulikuwa na kitasa cha kupandisha joto kwa mkono. Hospitali ikaamua haraka: muuguzi alipandisha kwa mkono, akasahau kurudisha. Mashine ilionekana nzima. Waliizima, wakaiwasha, ikafanya kazi vizuri kabisa. Joska akasimamishwa kazi. Kamati ingekaa baada ya wiki tano, na kila mtu alijua itasema nini: atafutwa, leseni yake itachukuliwa, na huenda polisi wakaitwa. Wandera alileta habari karakana akashusha pumzi. "Tumshukuru Mungu," alisema, "si mashine."

Amony hakumshukuru mtu. Aliomba ile bodi iletwe. Wandera alikataa, akakubali, akaghairi, mwishowe mimi ndiye niliyekwenda kuichukua kwa boda na kuileta ndani ya taulo.

Wiki tatu alikaa nayo. Aliiunganisha kwenye swichi aliyoitengeneza mwenyewe, ya kuyumbisha stima makusudi, akaiyumbisha mara mia, mara elfu, akiandika kila kitu kwenye daftari la shule. Mara nyingi bodi ilijiwasha upya kama kawaida. Siku ya kumi na tisa, mchana, nikiwa nakula muhogo wangu, alisema polepole, "Mzee Wamalwa, kuja ona."

Hita ilikuwa nyekundu. Skrini ilisema 36.5.

"Iko sawa," nilisema, mjinga mimi, nikitazama skrini.

"Weka mkono yako hapo."

Niliweka nikautoa upesi.

Alinionyesha karatasi ambayo linka huitoa ikimaliza kazi, orodha ya kila kipande na anwani yake. Mapengo mengi yalikuwa madogo, nafasi tano, kumi, kumi na tatu. Lakini moja lilikuwa kubwa: nafasi elfu mbili mia tisa na nne. Ogutu aliviweka vipande vya majaribio ya kiwandani peke yao, kuanzia anwani yenye sifuri nyingi mwishoni, mbali na vingine, na kati yake na programu ya kawaida pakabaki uwanja mzima. Chipu ikiruka ovyo, uwanja huo ndio rahisi kuangukia. Zamani ulikuwa umejaa "simama" mwanzo hadi mwisho. Sasa ulikuwa umejaa "endelea mbele", na mbele yake, mlango wa kwanza, kilikuwa kipande cha kujaribu hita. Kipande hicho huwasha hita kwa nguvu zote mpaka fundi abonyeze kitufe. Hakisomi joto. Hakigusi skrini, kwa hiyo namba ya mwisho hubaki pale pale imeganda. Na kwa kuwa jaribio lilikusudiwa kuchukua muda mrefu, chenyewe kilikuwa kinaigusa saa ya ulinzi kila sekunde, ili isikatishwe.

"Mimi nilitengeneza barabara," Amony alisema. "Nilitengeneza barabara mpaka kwa moto."

Niliketi. Nikakumbuka kwamba mwaka uliotangulia kulikuwa na simu mbili, hospitali mbili tofauti, wauguzi wakisema kitanda kimezidi joto wakakizima. Nilizipokea mimi. Niliwaambia waangalie kitasa.

Wandera alipoambiwa alifunga mlango wa karakana. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema maji yakimwagika hayazoleki. Alisema tubadilishe bodi zote kimyakimya, tuseme ni matengenezo ya kawaida, na kutoka siku hiyo hakuna mtoto mwingine atakayeumia. Alisema karakana ina watu kumi na mmoja na kila mmoja ana midomo nyumbani. "Na muuguzi?" Amony aliuliza. Wandera akasema wauguzi wana chama chao, kitamtetea.

Amony akanigeukia mimi. Nami, Wamalwa mwenye hasira za karibu, nisiyependa hadithi za kuzunguka, nilitazama sakafu nikasema bosi ana hoja. Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Hiyo ni sababu, si udhuru. Nimeiandika hapa kwa sababu kama nitaeleza kosa la Amony na kulificha langu, basi kalamu hii ni bora niivunje.

Hakubishana nasi. Alichukua daftari lake la shule na ile karatasi ya linka akaenda zake. Jumatatu iliyofuata alianza kuibadilisha programu: kila pengo, dogo na kubwa, likarudishiwa CC ya Ogutu, na vipande vya majaribio vikatolewa kabisa. Tulidhani amekubali. Alifanya kazi siku nne, tukaanza kuzibadilisha bodi hospitali kwa hospitali. Siku ya kamati alivaa gauni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akaniambia, "Mzee, mimi naenda. Kama unataka, kuja. Kama hapana taka, hakuna neno."

Nilikwenda. Angalau hilo nilifanya.

Chumba kilikuwa na madaktari wanne, karani, na mwanasheria wa hospitali. Joska alikaa upande mmoja akiwa amevaa sare yake iliyopigwa pasi, ingawa alikuwa amesimamishwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia aivue. Moreen alikaa nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti alimuuliza Joska kwa mara ya mwisho kama alikigusa kitasa.

"Daktari, mimi hapana kumbuka," Joska alisema. "Watoto walikuwa kumi na nne. Nyinyi wote munasema niligusa. Labda niligusa."

Mwanamke huyu alikuwa amekwisha kuanza kukubali dhambi ambayo si yake.

Amony alisimama bila kuitwa. Mwanasheria alitaka kumkatiza, mwenyekiti akamzuia. Alieleza yote, kwa Kiingereza kwanza, kile cha vitabu, akaonyesha karatasi na daftari. Madaktari walitikisa vichwa kwa heshima ya watu wasioelewa. Basi akamtazama Joska, akaacha Kiingereza.

"Mzee wangu ni askari," alisema. "Kwa lindo, mtu akikuja na askari hapana jua yeye, askari anasema, simama! Hapana sema pita. Programu ikipotea, ni kama ule mtu. Zamani ile mashine ilikuwa inasema simama. Mimi nilitoa simama, nikaweka pita. Kwa sababu watu walikuwa wanachoka na kelele. Ikapita, ikaenda kwa mtoto. Sista Joska hapana gusa kitu. Ni mimi."

Kisha Moreen, kutoka kule nyuma, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei.

"Wewe uko na mtoto?"

"Hapana," Amony alijibu.

Moreen alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akachukua mkoba wake akatoka. Hakutukana, hakulia, na sijamwona tena tangu siku ile. Nasikia alirudi Kenya.

Kamati ilimsafisha Joska. Karakana ilipoteza mkataba wa hospitali hiyo, na nyingine mbili zikafuata. Watu watano wakaondoka. Nilingoja Wandera amfukuze Amony, na Amony mwenyewe nadhani alingoja hivyo hivyo. Wandera alikaa wiki nzima hamsemeshi, akipita kando ya meza yetu kana kwamba kuna shimo. Mwisho wa wiki alimtupia funguo za ghala akamwambia anunue vile vifaa vya pili vya kukata joto, vya bodi zote, hata za hospitali zilizotuacha. Sijui kama ni toba au hofu. Kwa Wandera vitu hivyo hukaa nyumba moja.

Ungedhani hapo Amony amepumzika. Hata kidogo. Alisema lazima amwone Joska nyumbani, na akaniomba niende naye kwa sababu, alivyosema, peke yake atageuka njiani. Joska alikuwa amepanga chumba chini ya mlima wa Kibuli. Tulimkuta mlangoni amekaa kwenye mkeka anachambua simsim, yaani ufuta, kwenye ungo. Alitupatia viti, yeye akabaki chini. Amony akakataa kiti akakaa chini pia, na mimi mzee nikabaki juu peke yangu kama hakimu.

Walisalimiana kwa Kiacholi, kisha kwa heshima yangu wakarudi kwenye Kiswahili. Amony alipiga magoti akaomba msamaha. Nilitarajia Joska aseme yamekwisha, au asimame amfukuze.

"Mimi nimesoma ile karatasi yako," Joska alisema, mikono bado ndani ya simsim. "Ni ukweli. Lakini iko kitu hapana kwa karatasi." Akautikisa ungo. "Saa tano mimi nilibadilisha ule mtoto nepi. Niligusa yeye. Mkono yangu iliniambia, huyu anachomeka. Miaka kumi na nane mkono yangu hapana danganya mimi. Nikaangalia skrini. Skrini ikasema tatu-sita na nusu. Nikasema, Joska, umechoka, mashine inajua. Nikaenda kwa mtoto mwingine."

Amony aliinama mpaka paji la uso likakaribia ungo.

"Kamati inasema mimi sina makosa," Joska aliendelea. "Kila siku nasikia hiyo. Lakini ule mtoto, mimi niligusa yeye na nikaacha yeye. Nani anatoa hiyo kwangu?"

Nina methali za kutosha, Mluhya hakosi methali. Hakuna hata moja iliyofaa. Amony akauliza, "Sista, mimi nifanye nini?"

"Mashine yako ikiwa hapana jua," Joska alisema, "inyamaze. Isiseme namba. Mtu akiona hakuna namba, atatumia mkono."

Tulirudi Kawempe, na mpaka mjini tulikwenda kwa miguu, hatukupanda boda. Amony alikuwa analia waziwazi barabarani, na sikumzuia. Kesho yake alikiandika upya kile kipande cha kusimamisha mashine ambacho CC hukiita kazini. Kabla ya kukata hita, kabla hata ya kupiga king'ora, jambo la kwanza kabisa ni kuzima skrini. Giza tupu. Alikijaribu mara elfu tatu, na kila mara nilikaa kando yake kuhesabu.

Hospitali ilimrudisha Joska kazini mwezi wa Juni. Ilikubali bodi zetu zirudi wodini kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye azikague. Tulikwenda asubuhi ya Jumatano. Amony aliichokoza bodi kwa swichi yake kwenye kitanda kisicho na mtu. Skrini ikazimika, hita ikakatika, king'ora kikalia mpaka watoto wote wakaamka, na akina mama wakatutazama vibaya. Joska aliirudia mara nne. Alitikisa kichwa kukubali akatia sahihi.

Tulikuwa tunafunga vifaa alipomwita Amony kwenye kitanda cha dirishani, ambapo mtoto wa siku sita alikuwa amelala, mdogo kama kiganja na nusu. Akamnawisha Amony mikono kwa sabuni, kama anavyomnawisha mwanafunzi, akamfuta. Kisha akakishika kiganja chake akakilaza juu ya kifua cha mtoto na kukifunika na chake.

"Hii ndiyo tatu-sita na nusu," alisema. "Ngoja kidogo. Jua yeye."

Amony alisimama pale, shati lake likiwa na maji, na hakuutoa mkono. Namba ile alikuwa ameiandika kwa miaka minne, kwenye kila bodi iliyotoka mezani kwetu. Hakuwahi kuigusa.